Kivuli cha Saa Tisa

Mgeni aliyefika nyumbani kwangu Ibadakuli mwezi wa tatu, mara tu mvua ya mchana ilipokatika, hakunitazama mimi kwanza. Alisimama ndani ya geti, mkoba begani na ndoo ndogo ya plastiki mkononi, akayatazama makangaga yaliyo chini ya kichanja. Aliyatazama kama mtu anayemtafuta ndugu yake kituo cha mabasi na sasa amemwona. Ndipo akasema, "Shikamoo mama. Wewe ndiye mke wa Masanja wa Bugarama?" Hapa mtaani naitwa Mama Kulwa, na kanisani vilevile. Mke wa Masanja ni jina la mwaka mmoja tu, mwaka nilioishi Bugarama kabla sijapata watoto, na nilidhani wote walionijua kwa jina hilo wametawanyika. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza yeye ni nani. "Mimi ni Zuhura," akasema. "Wa jirani yako. Mama alifariki mwezi wa kumi na mbili."

Nilimpa pole, nikamvutia kiti. Alinieleza kwamba mama yake hakubaki na kangaga hata moja. Kule Ushetu walikohamia kisima kilikauka miaka mingi iliyopita, yote yakafa. Lakini alikuwa amemwambia binti yake kwamba siku akitaka mbegu asihangaike, ziko kwa mke wa Masanja. Sasa Zuhura alitaka apande barazani kwake, awe na kitu cha kumkumbukia. "Na kuna jambo nataka kukuuliza, mama," akasema. "Nilikuwa mdogo, nakumbuka lori tu na godoro juu. Kila nilipomuuliza mama kwa nini tulihama Bugarama alisema joto. Hebu niambie, mtu anatoka Bugarama anakwenda Ushetu kukimbia joto?" Akacheka. Mimi nikasema ngoja nilete chai. Jikoni maji yalichemka, nikayaacha yaendelee kuchemka.

Nyumba ya Bugarama ilikuwa moja yenye milango miwili, imejengwa ikitazama machweo. Sisi tulipanga upande wa kushoto, chumba na sebule. Mama Zuhura na mumewe, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, walikuwa upande wa kulia. Mbele ya mlango wao ulisimama mwarobaini mmoja, mkubwa, na mbele ya mlango wetu hapakuwa na kitu. Jambo hilo dogo la mti kuwa pale na si hapa ndilo lililoupanga mwaka wangu wote. Asubuhi nyumba yenyewe ilitukinga sote wawili, tulikuwa sawa. Kuanzia saa saba jua lilipita juu ya bati likashuka kwetu usoni, kuta zikashika moto, mishumaa ikajipinda ndani ya kabati. Saa tisa, saa ambayo Masanja alirudi kutoka kwenye karasha alikokuwa akisaga mawe ya dhahabu, kivuli chote cha mwarobaini kilikuwa kimelala kwenye mlango wa Mama Zuhura kama mkeka uliotandikwa kwa ajili ya wageni.

Na chini ya kivuli hicho alikuwa na bustani. Nililelewa kwenye mbuga, mahali ambapo unaona ng'ombe wa mtu kabla hujaona nyumba yake, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupanda mmea ili usione jua. Kwetu kilichopandwa kilikuwa mtama, pamba, viazi, na vyote vilisimama juani kama sisi. Mama Zuhura alitoka Tanga, upande wa milimani, na alikuwa amekuja na kangaga moja ndani ya bakuli la bati, amelipakata safari nzima. Nilipomkuta, bakuli moja limekuwa safu tatu. Ndani kabisa, karibu na ukuta, makangaga yaliyoning'inia kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Mbele yake magimbi ya majani mapana, kisha bigonia zenye vikonyo vyekundu, na ukingoni majani ya rangi ya damu ya mzee yenye pindo la kijani. Vyombo vilikuwa ndoo za rangi zilizopasuka, sufuria bovu, nusu tairi. Ukitoka juani ukaingia pale, kitu cha kwanza kilikuwa harufu ya udongo uliolowa, na ngozi ya mikono ilijua tofauti kabla ya macho.

Kila siku Masanja alioga, akavaa shati safi, akatembea hatua kumi na nne. Nilizihesabu kwa sababu nilizisikia. Alikaa kwenye gogo karibu na magimbi, Baba Zuhura akamletea kiti kizuri zaidi, akakikataa, wakacheka. Mama Zuhura alitoa chai ya iliki na vitumbua. Nyumba ile haikuwa na dari na ukuta kati yetu haukufika kwenye bati, hivyo kilichosemwa barazani kwao kiliingia kwao mlangoni, kikapanda, kikashuka kwangu sebuleni nikichambua mlenda. Mume wangu, ambaye kwangu alisema "chakula" na "maji ya kuoga" na siku nyingine "nipishe", kule alikuwa msimuliaji. Aliiga sauti ya mwenye karasha. Alisimulia jinsi fundi mmoja alivyolala juu ya mfuko wa mawe akiulinda, akaamka amelalia mfuko wa pumba. Mama Zuhura alicheka mpaka akaomba aachwe apumue. Mimi sikuwa nimewahi kuisikia hadithi hiyo.

Nataka nieleze vizuri ulikuwa wivu wa namna gani, maana watu hukimbilia jibu moja. Sikudhani nimeibiwa mume. Mama Zuhura alikuwa na umri wa dada yangu mkubwa, mumewe ameketi palepale, na mwenyewe kila siku alipaza sauti, "Mke wa Masanja, njoo basi na wewe, chai inapoa!" Nami kila siku nilijibu, "Asante mama, nina kazi." Sikuwa na kazi. Nilikuwa na mlenda. Wivu wangu ulikuwa wa kivuli, wa majani, wa kuitwa mama fulani, wa kicheko kile kilichopita juu ya ukuta kikaja kwangu kimeshatumika. Siku moja nilimsikia Masanja akisema kwamba mwenye karasha anataka akamsimamie karasha jingine Geita mvua zikiisha mwaka unaofuata. Baba Zuhura akamuuliza, "Na mama nyumbani anasemaje?" Masanja akasema bado hajanieleza. "Kamweleze basi," Mama Zuhura akasema. "Au unataka tumpelekee salamu kwa kangaga?" Wakacheka wote watatu. Nilikaa na bakuli mapajani, nikiwa nimepata habari za maisha yangu kutoka kwa jirani.

Siku iliyofuata nilinunua daftari la kurasa arobaini. Nilikuwa mtu wa mpangilio tangu shuleni, na niliamua kwamba kitu anachokifanya mtu mbele ya dirisha langu kinaweza kujifunzwa bila kumwomba. Niliandika saa na kazi. Alfajiri anamwagilia kwa maji aliyooshea mchele. Anamwaga pembeni mwa chombo, si juu ya majani. Saa nne anafuta magimbi kwa kitambaa kibichi kama anayemfuta mtoto uso. Kila Jumatano anageuza vyombo vyote robo mzunguko. Jani likianza kuwa la njano hangoji, analikata. Niliyaandika hayo kwa majuma matatu, nimesimama nyuma ya pazia. Kisha nikachimbia nguzo nne mbele ya mlango wangu, nikashona viroba vinane vikawa paa moja, nikavifunga juu. Masanja aliuliza kama ni banda la kuku. Nikasema ndiyo.

Mbegu niliziiba. Siku za Ijumaa Mama Zuhura alifunga mlango wake akaenda msikitini, na makangaga yalikuwa yakitoa vikamba vyembamba vyenye vichipukizi mwishoni, vingine vimeshagusa ardhi. Nilivikata kwa wembe. Nilichukua kikonyo cha bigonia na ncha mbili za yale majani ya damu ya mzee, nikizichagua upande wa nyuma ili pengo lisionekane. Udongo ndio sikuwa nimeuandika kwenye daftari, kwa sababu alichanganya nyuma ya nyumba ambako dirisha langu halikufika. Nilijiambia udongo ni udongo. Wa uani kwetu ulikuwa mgumu kama sakafu, jembe liliruka. Lakini nyuma ya mahali lilipokuwa karasha la zamani kabla halijahamishwa, palikuwa na lundo kubwa la vumbi la kijivu, laini kama unga wa muhogo, na ukiingiza mkono ndani unakuta ubaridi na unyevu. Wanawake walilichota kusiribia sakafu. Mimi niliyekulia kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa miguu ya ng'ombe masika, niliona pale kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika. Nilibeba ndoo nne. Nikapanda.

Siku ya kumi kingo za majani zilianza kuungua. Nilimwagilia saa ileile, kwa maji yaleyale ya mchele. Tulikuwa tukila ugali, lakini nilipika wali ili nipate maji yake. Niligeuza vyombo Jumatano. Siku ya kumi na saba bigonia ililala, na kangaga la kwanza likawa kama nywele za mahindi yaliyokauka. Upande wa pili, hatua kumi na nne, yale yaliyozaliwa shina moja na yangu yalikuwa yanafungua majani mapya, yamejikunja kama vidole vya mtoto mchanga. Na ilikuwa kiangazi, mwezi wa tisa, mji mzima una rangi ya vumbi.

Bombani foleni ilikuwa ndefu asubuhi ile. Mbele yangu alisimama Mama Pendo, mwanamke ambaye habari ikimfikia asubuhi, jioni iko kila nyumba. Aliniuliza banda langu la kuku limefika wapi. Nikamwambia si banda, ni maua, na yamekufa. "Si umwagilie," akasema.

"Namwagilia, dada. Saa ileile anayomwagilia Mama Zuhura. Maji yaleyale. Anachofanya nafanya. Yake yananenepa, yangu yanaungua."

"Yanaungua vipi na umeyawekea paa?"

"Kingo. Kama yamepitishwa motoni."

Mama Pendo alishusha ndoo kichwani. Wanawake wengine wawili waligeuka. "Yule katokea wapi kweli?" mmoja akauliza.

"Tanga," nikasema.

"Ehee," akasema Mama Pendo. Akachukua ndoo yake, ikawa zamu yake.

Sikulitamka neno lenyewe, uchawi. Nimejitetea kwa hilo miaka mingi, na sasa naliandika ili nione linavyofanana: sikulitamka, na nilijua kabisa litatamkwa. Sisi tuliozaliwa Usukumani hatuhitaji kuelezwa neno hilo limewafanya nini bibi zetu wenye macho mekundu ya moshi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nina akili timamu, nilijua ninachokiacha bombani pale nilipoondoka na ndoo yangu. Nilitembea nyumbani nikiwa mwepesi.

Ilichukua juma moja. Kwanza wateja wa vitumbua walipungua. Kisha mwanamke aliyekuwa akija kusukana naye hakuja. Watoto waliokuwa wakicheza chini ya mwarobaini waliitwa nyumbani kwa majina yao yote mawili. Na siku moja saa tisa Masanja alioga, akavaa shati, akakaa kwenye kigoda sebuleni kwangu. Sikuuliza. Nilimpa michembe ya viazi vitamu na karanga. Jasho lilimtoka likaingia kolani. "Joto," akasema. Nikasema ndiyo, joto. Baadaye aliniambia wenzake kazini wamemshauri asikae pale, watu wanaongea. Kesho yake alikaa tena, na kesho kutwa. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nilikaa mkabala na mume wangu ndani ya nyumba iliyokuwa kama tanuri, tukisikiliza ukimya ulioshuka kutoka upande wa pili wa ukuta, na nilifurahi. Lazima niseme kwamba nilifurahi.

Siku ya nne ya kukaa nyumbani, kwa kukosa la kufanya, alitoka kuangalia banda la kuku. Akaita, "Minza! Udongo huu umeutoa wapi?" Nikamwambia. Alianza kucheka, kisha akaacha. "Haya ni marudio," akasema. "Ni jiwe lililosagwa, likaoshwa, likapitishwa zebaki, likaoshwa tena. Hakuna kilichobaki humo. Umewahi kuona hata mbigili juu ya lile lundo?" Nilisimama nikafikiri. Sikuwa nimewahi. Nilikuwa nimechota pale ndoo nne, mimi ninayeandika saa na siku za kila kitu, na sikuona kwamba hapaoti kitu. "Kanawe mikono," akasema. "Na ukamwage." Nilinawa mikono. Sikumwaga. Nilivisogeza vyombo nyuma ya mlango, na sikumwambia mtu. Sasa nilikuwa najua, na nilinyamaza siku nane.

Siku ya tisa, Jumamosi saa nne asubuhi, balozi wa nyumba kumi alikuja na wanaume wawili wa sungusungu. Walikaa kwenye magogo ya Mama Zuhura. Nilikuwa sebuleni, na maneno yalipita juu ya ukuta kama kawaida. "Hatujaja kwa ubaya, Baba Zuhura," balozi alisema. "Ila watu wanauliza. Kiangazi chote hiki, miti inakauka, na kwa mkeo ni majani tu. Jirani akipanda yanaungua. Tunataka mtueleze, tukawaeleze."

"Mnataka niwaeleze nini?" Mama Zuhura akasema. "Kwamba namwagilia?"

Mtu mmoja alicheka kidogo, akajirudi. Mwingine, ambaye sauti yake sikuijua, akasema, "Mama, usituchezee. Kijiji cha jirani walianza kwa kuuliza hivihivi, vizuri." Nilisikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe, kikizunguka, bila kusimama, na nikatambua kwamba ni Mama Zuhura anayekoroga.

Nilichukua chombo kimoja nyuma ya mlango, nikatembea hatua kumi na nne. Nilisimama mbele yao nikasema, "Ni marudio. Nilipanda kwenye marudio." Balozi alitia kidole, akasugua kwa kidole gumba, akanusa, akampa mwenzake. Kisha kicheko kikalipuka. "Jamani! Mke wa Masanja amelima zebaki!" Walicheka mpaka yule mwenye sauti nisiyoijua akajifuta macho. Walicheka kwa sababu ilikuwa kichekesho, na pia kwa sababu walikuwa wamepata njia ya kurudi nyumbani. Walinywa chai, wakapeana mikono, wakaondoka wakiiga jinsi nilivyosimama na kopo. Jina la mkulima wa zebaki lilinifuata mpaka nilipohama. Lakini nilikuwa nimesema nusu. Sikusema nani aliliacha lile neno bombani. Na Mama Zuhura hakucheka. Alikuwa akiangalia kile kikonyo chekundu kilichokauka ndani ya kopo. Alikuwa anakijua. Kilikuwa chake.

Mchana ule nilimsikia Baba Zuhura akimwambia mkewe, bila kushusha sauti, kana kwamba ukuta haupo: "Leo wameondoka wanacheka. Mwakani ng'ombe wa mtu atakufa, watarudi, na hawatacheka." Alikuwa na binamu Ushetu mwenye shamba la tumbaku. Mwisho wa mwezi wangeondoka.

Siku tatu kabla ya lori kuja, Mama Zuhura alisimama mlangoni kwangu. "Mke wa Masanja, chukua ndoo." Tulitembea muda wa kama saa nzima kutoka mjini, hatukuzungumza, mpaka tukafika kwenye ngitili ya mzee mmoja mfugaji. Sikuhitaji kuelezwa ngitili ni nini. Baba yangu alikuwa nayo: sehemu ya malisho inayofungwa masika yote, ng'ombe hawaingii, mtu hakati mti, ili majani yawepo kiangazi kikikaza. Nimechezea pembeni mwa ngitili utoto wangu wote. Mama Zuhura alibisha hodi kwa mzee, akamsalimia kwa Kisukuma chake kibovu, "Mwadila," mzee akafurahi kama kila siku. Tukaingia chini ya miti. Akapiga magoti, akaondoa majani makavu ya juu, akachimba kwa mkono. Chini palikuwa na udongo mweusi, unaomeguka, wenye harufu ile niliyoijua kutoka hatua kumi na nne.

"Kwetu milimani huu unaukanyaga tu," akasema. "Hapa nilihangaika mwaka mzima, kila nilichopanda kilikufa. Mpaka nikaona mahali ambapo ng'ombe wa watu hawaingii. Nikasema, pale chini majani yanaoza kwa raha. Nikaenda kumwomba mwenyewe majani yaliyokufa. Alinicheka siku nzima. Mpaka leo ananipa bure." Alinionyesha vipimo: ndoo mbili za ule udongo, moja ya samadi iliyokaa mpaka haina joto, nusu ya mchanga wa mtoni, na vipande vya mkaa chini kabisa ili maji yasituame. Nilitamani nizame ardhini. Nilikuwa nimeamini kwamba anayo siri ya Tanga, na siri yake ilikuwa ya kwa baba yangu.

Tulipokuwa tukijaza ndoo ya pili, akasema bila kuniangalia, "Nilikuwepo bombani siku ile. Nilikuwa upande wa pili wa tangi, nafunga kanga." Niliishikilia ndoo, na samahani sikuisema. Aliendelea kuchota. "Haya makangaga nakuachia. Usifikiri mambo yameisha kati yetu. Nachukua moja tu, la kwenye bakuli. Mengine hayawezi kupanda lori kiangazi, na sipendi yafe." Akanyanyuka, akajipangusa magoti. "Na majani ya damu ya mzee uyakate ncha, la sivyo yanarefuka ovyo."

Walipoondoka tulihamia mlango wao. Kivuli cha saa tisa kikawa changu, safu tatu zikawa zangu, nikachemsha chai ya iliki. Masanja alikaa kwenye gogo siku ya kwanza, akatazama magimbi, akanywa chai. Siku ya pili alikaa nusu saa. Siku ya tatu alienda kwa wenzake kijiweni. Kumbe kivuli sicho alichokuwa akikifuata. Mvua zilipoisha tukaenda Geita na vyombo kumi na viwili nyuma ya gari, na baadaye tukarudi huku Shinyanga, na makangaga yakaja nasi. Leo nina kichanja cha neti nyeusi na watu hupiga picha za harusi pale. Masanja yuko ndani mbele ya televisheni, anatazama mpira. Wageni husema, Mama Kulwa una mkono mzuri, nami hutabasamu, na kila mara kuna kidonda kidogo kinachofunguka, maana najua ni mkono wa nani wanaousifu. Nimemwonea wivu mwanamke yule akiwa jirani, nikamwonea akiwa mbali, na siku ile mwezi wa tatu, nikiwa jikoni, niligundua kwamba namwonea hata baada ya kufa, kwa kuwa ameacha binti anayevuka wilaya mbili kutafuta jani lake.

Nilipeleka chai, nikakaa, nikamweleza Zuhura yote. Sikuacha wembe, sikuacha bomba, sikuacha siku nane. Alisikiliza akizungusha kikombe mezani, robo mzunguko, kisha robo nyingine. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu. "Mama alijua?"

"Alijua."

"Na mimi akaniambia joto." Hakulia wala hakunitukana, na nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. "Haya," akasema, akachukua ndoo yake. "Nipe nilichokuja kuchukua."

Nilikwenda kwenye shina la zamani kuliko yote, lile lililokaa karibu na ukuta wa Bugarama. Niliking'oa kitita kizima, nikakilaza juu ya kiroba, nikakipasua kwa kisu cha jikoni. Hakikugawanyika sawa. Upande mmoja ulikuwa mkubwa, una majani mapya saba yamejikunja. Mwingine ulikuwa mdogo, mizizi tu na majani machache. Mkono wangu ukauinua ule mdogo, ukauelekeza kwenye ndoo. Naapa sikuuamuru.

"Hilo kubwa, mama," Zuhura akasema.

Nikarudisha, nikampa kubwa. Nikamjazia na udongo, nikamweleza vipimo, akaviandika kwenye simu. Geti lilipofungwa nilipanda kilichobaki mahali palepale, na pengo likaonekana wazi. Iliniuma. Bado inaniuma. Kila alfajiri nikilimwagilia hilo dogo kwa maji ya mchele, najiuliza la kwake limefika wapi, na kama limeshanipita.